Muulize Sista: Kwani bili ya hospitali ni ya nani?

Toleo lililopita niliandika vile harambee za hospitali zinatumaliza huku kwetu, kila wiki grupu mpya ya WhatsApp, kila Jumapili bahasha, na nikasema wazi kwamba mimi naona serikali inafaa kumsaidia mwananchi kulipia matibabu. Meseji zimekuja nyingi sana, wengine wameniunga mkono, wengine wamekasirika kabisa. Nimechagua hizi. Mjue tu kwamba nimekuwa nesi miaka 31, kutoka 1988 hadi nilipostaafu 2019, mingi nikiwa Kisumu na mingine Nakuru, na nitajibu kutokana na yale niliyoyaona nikiwa nimesimama kando ya kitanda.

Sista, salamu kutoka Nakuru. Mimi nimeajiriwa, mshahara ni elfu 48. Enzi za NHIF, ile bima ya afya ya zamani ya serikali, nilikuwa nakatwa 1,100, sasa SHA waliochukua nafasi yake wanachukua asilimia 2.75 ya mshahara yaani 1,320 kila mwezi na sijalazwa popote tangu 2017. Sina roho mbaya lakini nauliza tu, mbona nilipie watu ambao hawalipi kitu, wengine ni vijana wana nguvu zao wanashinda tu kwa kona? Si kila mtu ajiwekee akiba yake? – Nakatwa kila mwezi, Section 58

Ndugu yangu, swali lako ni la haki na sitakuita mchoyo. Kukatwa pesa kila mwezi na huoni ikirudi kunauma, hasa na vile payslipu siku hizi imekuwa ni makato juu ya makato. Lakini hebu chukua karatasi tupige hesabu pamoja. 1,320 mara 12 ni 15,840 kwa mwaka. Sasa chukua mtu ambaye figo zimekataa. SHA inalipa 10,650 kila akienda kusafishwa damu, na akienda mara mbili kwa wiki hiyo ni mara 104 kwa mwaka, jumla 1,107,600. Sasa gawanya. Ungekuwa unaweka hiyo 15,840 yako kando kila mwaka bila kugusa hata shilingi, ungehitaji karibu miaka 70 ndio upate pesa ya kulipia mwaka mmoja tu wa hiyo mashine. Sasa akiba gani hiyo? Hata mimi sina, hata bosi wako pengine hana. Presha na sukari ndizo zinaharibu figo za watu wengi na hazichagui nani analipa na nani anashinda kwa kona.

Halafu usiniambie huwalipii watu sahii. Fungua simu yako, tazama M-Pesa ya mwaka mzima, tafuta ile mia tano ya babake mwenzako wa kazini, ile elfu moja ya binamu aliyefanyiwa operesheni, mia mbili ya mtoto wa caretaker, ile ya kanisa, ile uliyotuma mara mbili kwa sababu kamati ilisema target haijafika. Jumlisha. Mimi nilifanya hivyo mwaka jana nikashtuka, na mimi naishi kwa pensheni.

Hiyo ndugu yangu ni kodi. Tofauti ni kwamba haina sheria, haina risiti, na inatozwa vibaya. Mgonjwa wa Milimani anachangiwa na watu wa Milimani, mgonjwa wa Kaptembwa anachangiwa na watu wa Kaptembwa, yaani mwenye majirani maskini ndiye anapata kidogo na ndiye ako na shida kubwa. Mtu mwenye watoto wanaojua kuongea kwa grupu na kuweka picha atapata, lakini nyanya asiye na mtoto hapati, na mgonjwa wa akili hakuna mtu atamfanyia harambee kabisa. Nimeona hayo miaka yote.

Wacha nikupe moja ambayo hainitoki. Kijana wa boda, miaka 24, aliletwa usiku mguu umevunjika mifupa miwili na kidonda kiko wazi. Hospitali sitaitaja. Tulimfunga, tukampa dawa ya uchungu, lakini vyuma vya kuweka ndani ya mguu vilikuwa vya kununua na familia haikuwa na pesa. Ndugu zake walikaa koridoni siku tisa wakipigia watu simu, mama yake akauza ng'ombe kule nyumbani, stage yao wakachanga, wazee wakaitwa. Na siku ya tisa pesa ikatimia, kila senti. Harambee ilifaulu. Lakini kidonda kilikuwa kimeoza na mguu ukakatwa juu ya goti. Huyo mama alinishika mkono akaniuliza, "Sista, si tumeleta pesa?" Sikuwa na jibu na hadi leo sina, lakini najua hiyo pesa ilihitajika usiku ule wa kwanza, na hakuna harambee duniani inaweza kukusanywa usiku mmoja. Pesa ya hospitali lazima iwe imeshakusanywa kabla mtu hajaanguka. Na wa kukusanya kutoka kwa kila mtu kabla ya shida ni serikali, hakuna mwingine mwenye hiyo nguvu. Ujerumani waliligundua hili 1883 wakaanzisha bima ya wafanyakazi, Uingereza wakafungua huduma yao ya afya tarehe 5 Julai 1948 nchi ikiwa imetoka tu vitani na watu bado wanakula kwa kipimo, kwa hivyo hii story kwamba lazima tutajirike kwanza mimi siikubali.

Mahali uko na haki ni hapa: mwenye payslipu anakatwa kabla hata hajaona mshahara, na wengine wengi hawalipi. Hilo pengo halifai kujazwa na wewe peke yako. Linafaa kujazwa na bajeti ya serikali. Mwaka 2001 marais wa Afrika walikaa Abuja wakakubaliana kila nchi itenge asilimia 15 ya bajeti kwa afya, Kenya ikiwemo, na hatujawahi kufika hapo. Hasira yako ielekeze huko, usimwelekezee kijana wa kona.

Sista mimi nauza mboga Kibuye. Nilijiandikisha SHA kwa simu, wakaniuliza maswali mengi, nyumba yangu ni ya nini, napikia nini, choo ni ya aina gani, mwisho nikaambiwa nilipe shilingi 7,200 ya mwaka mzima na yote mara moja. Siku nzuri natoka na mia tano, siku ya mvua natoka na hasara. Hiyo ndio kusaidiwa? – Mama wa sukuma, Kisumu

Mama, pole sana, na wewe si wa kwanza, meseji kama yako nimepata tano toleo hili peke yake. Watu wenye mshahara wanalipa kila mwezi, lakini sisi tunaojitafutia tunaambiwa tulipe mwaka mzima mbele. Anayeketi na mshahara wa kujua ndiye anapewa nafasi ya kulipa polepole na anayetegemea mvua isinyeshe ndiye anaambiwa lete yote. Hii ni kinyume kabisa na naomba mwenye masikio asikie. 2025 walileta mpango wa Lipa SHA Pole Pole ambapo unakopeshwa hiyo pesa ya mwaka kisha unarudisha kidogo kidogo, na kuna akina mama umewasaidia, lakini mkopo ni mkopo, mimi singefurahia kuona mama mboga anaingia deni ndio awe na haki ya kutibiwa.

Pia hayo maswali ya simu. Mtu anaweza kuwa na nyumba ya mabati mazuri aliyojengewa na mtoto wake na leo hana ya unga. Mashine haioni hiyo. Mhudumu wa afya ya jamii ambaye anapita kwako kila mwezi anaona. Serikali iliwapa vifaa wahudumu kama 100,000 mwaka 2023, kila kijiji kina wake, mbona hao ndio wasiulizwe nani anajiweza na nani hajiwezi? Rwanda kwa miaka mingi walipanga familia kwa makundi na majirani wakikaa chini kijijini kusaidia kusema huyu ni wa kundi gani, na maskini kabisa akalipiwa bima.

Sasa ya kufanya wewe. Kwanza, kama unaona hicho kiwango si chako unaweza kwenda ofisi ya SHA ukaomba wapime upya, beba kitambulisho na usikubali kurudishwa na askari wa mlangoni. Cha chini kabisa ni 300 kwa mwezi yaani 3,600 kwa mwaka. Pili, na hii watu wengi hawajui, dispensari na kituo cha afya hailipwi na hiyo 7,200. Huko kunalipiwa na mfuko mwingine wa serikali, kinachotakiwa ni uwe umejiandikisha tu. Kwa hivyo usikae nyumbani na kikohozi ukisema "sijalipa SHA". Hiyo pesa ya mwaka ni ya hospitali kubwa, kulazwa, operesheni. Tatu, najua vyama vya Kibuye viko imara kuliko benki zingine, kuna wamama wameamua kila mwezi chama kinamlipia mmoja mwaka wake mzima badala ya kununua sufuria. Ni wazo zuri, ingawa naumia kulisema, kwa sababu tena ni maskini anamlipia maskini.

Na mtu asikudanganye ati wewe hulipi kodi. Ukinunua sabuni VAT ni asilimia 16, ukipanda matatu kuna kodi ndani ya hayo mafuta, ukituma pesa kwa simu kuna kodi. Ghana walisema wazi, wakaweka asilimia 2.5 ya mauzo iende moja kwa moja kwa bima ya afya, kwa hivyo mama wa soko kule akinunua bidhaa anajua amechangia hospitali. Wewe umekuwa ukichangia siku zote, hakuna tu aliyekuandikia risiti.

Habari Sista. Serikali ikilipia watu kila kitu si watajaa hospitali hata kwa kichwa kuuma kidogo? Kitu cha bure hakiheshimiwi. Afadhali kila mtu alipe hata kidogo. – Mwalimu, Bungoma

Mwalimu, haya maneno yamenirudisha mbali. Desemba 1989 nilikuwa bado nesi mgeni wodini, na ndipo serikali ikaleta kile kitu tuliita cost-sharing, yaani mgonjwa achangie malipo. Kabla ya hapo tangu 1965 hospitali ya serikali mtu alikuwa anatibiwa bila kulipa pale mlangoni. Sababu waliyotupa ni hiyo hiyo yako, watu wathamini, watu wapunguze kujaa. Na kweli walipungua. Asubuhi ulikuwa unafika unapata benchi ziko tupu, na sisi vijana tulifurahi, kazi imepungua. Lakini baada ya miezi wakaanza kurudi na walikuwa wanabebwa. Mtoto wa malaria aliyefaa kuja siku ya kwanza analetwa siku ya nne akiwa na degedege. Mama wa mimba tunamwona mara ya kwanza akiwa tayari anavuja damu.

Nairobi kuna kliniki ya magonjwa ya zinaa ambayo watafiti walihesabu, ada ilipowekwa wanaume waliokuja walishuka hadi asilimia 40 ya wale waliokuwa wakija mbeleni na wanawake hadi asilimia 65. Sasa fikiria wale waliokaa nyumbani walikuwa wanafanya nini na huo ugonjwa, na miaka gani hiyo, miaka ambayo ukimwi ulikuwa unaingia Nyanza na Magharibi kwa kasi. Serikali yenyewe iliona ikaondoa hiyo ada 1990 kisha ikairudisha tena polepole. 2004 wakaipunguza ikawa shilingi 10 dispensari na 20 kituo cha afya, na 2013 wakaiondoa huko chini, na siku ya Madaraka mwaka huo wakaondoa malipo ya kujifungua. Wodi za kujifungua zilijaa hadi wamama wakalala wawili kwa kitanda kimoja. Wewe utasema hiyo ni fujo ya bure. Mimi nasema hao wamama walikuwepo miaka yote, walikuwa wanajifungulia nyumbani kwa taa ya koroboi.

Hakuna mtu anapenda kuchomwa sindano kwa sababu ni bure. Anayekuja na kichwa kinauma kidogo mwambie akunywe maji apumzike, dakika tatu, lakini kati ya hao ishirini wa kichwa mmoja presha yake ni 200 na hajui.

Sista nisaidie haraka. Dada yangu amejifungua kwa operesheni, amepewa ruhusa ya kwenda nyumbani lakini hospitali imekataa kumwachilia mpaka tumalize bili. Leo siku ya sita na kila siku bili inaongezeka. – Busia

Nimekujibu kwa simu tayari, lakini naweka hapa kwa sababu ya wengine. Kumfungia mgonjwa kwa deni ni kinyume cha sheria, Mahakama Kuu ilisema hivyo 2015 kwa kesi ya wamama wawili waliozuiliwa baada ya kujifungua Nairobi. Deni linabaki kuwa deni, wanaweza kukudai, lakini mtu hawekwi rehani. Nendeni ofisi ya ustawi wa jamii ndani ya hospitali, mwombe kwa maandishi bili ipunguzwe au isamehewe au mpewe mpango wa kulipa, na muulize kama SHA yake ilitumika, kwa sababu operesheni ya kujifungua ina kiwango chake cha kulipwa, 30,000, na kuna wakati mtu anaandikiwa bili yote kama hana kadi. Andikeni jina la kila mtu mnayeongea naye na saa. Na mgonjwa wa dharura asirudishwe mlangoni kwa kukosa pesa, hiyo iko ndani ya Katiba kifungu cha 43.

Sista wewe ni mtu mzuri lakini unaota. Serikali gani unasema isaidie? Hii hii? NHIF ililiwa, SHA italiwa. Afadhali watupatie pesa yetu mkononi kila mtu ajitafutie daktari. – Kakamega

Sioti mwanangu, na sitetei mwizi. NHIF ilianza 1966, ikakaa karibu miaka 60, na ilipofungwa SHA ikichukua kazi tarehe 1 Oktoba 2024 iliacha hospitali zikidai mabilioni ya shilingi. Hospitali ndogo za misheni huku kwetu, zile ambazo zimekuwa zikitibu watu tangu babu zetu, ndizo ziliumia zaidi, wengine wakashindwa hata kulipa manesi. Na kuna hospitali zingine zilipatikana zikiandika wagonjwa hewa, mtu hajawahi kulazwa lakini amelipiwa kitanda siku saba. Mtu akiiba pesa ya daialisisi, ile ya kusafisha damu, huyo kwangu ni sawa na aliyechomoa mpira wa hewa kwa mgonjwa. Nasema hivyo bila kupepesa macho.

Lakini hebu tufuate wazo lako la pesa mkononi. Wewe Kakamega mnajua kitu kuhusu hilo kuliko wote, mama mjamzito kule alikuwa akienda kliniki analipwa 2,000 mara sita, jumla 12,000, ule mpango watu waliuita Oparanya Care. Na ulisaidia wamama wengi kuja kliniki na kujifungulia hospitali. Lakini ulifaulu kwa sababu mimba inajulikana, ina miezi yake, ina tarehe. Ajali haina tarehe. Saratani haina. Na bei yake huijui mpaka uko kitandani, na ukiwa kitandani huwezi kuambia daktari punguza kidogo kama unanunua viatu. Ungepewa elfu kumi yako mkononi ungeitumia kwa karo ya shule mwezi wa kwanza, na mimi pia, kwa sababu karo iko leo na ugonjwa haujafika. Halafu siku ukifika tunarudi kule kule, grupu ya WhatsApp.

Kinachotakiwa ni ulinzi. Mimi nataka kila hospitali ikilipwa kwa jina langu nipate meseji kwa simu, "hospitali fulani imelipwa kiasi hiki kwa kukulaza siku hizi", kama vile M-Pesa inaniambia nikinunua hata kiberiti. Nikiona uongo nipige simu bure nishtaki. Nataka orodha ya nani amelipwa nini ibandikwe pale ukutani kwa kila hospitali ya kaunti, kwa Kiswahili, mahali bibi ya kijiji anaweza kusoma. Hivi si vitu vya ndoto, ni vitu vya mtu kuamua tu. Makueni walikuwa na mpango wao wa shilingi 500 kwa familia kwa mwaka mzima na watu wakatibiwa hospitali za kaunti, serikali hiyo hiyo ya Kenya, katiba hiyo hiyo.

Ile mwaka Kisumu tulitibiwa bure iliishia wapi? – Nyalenda

Mwanangu, ile ilizinduliwa hapa hapa Kisumu tarehe 13 Desemba 2018, kaunti nne, sisi na Nyeri na Isiolo na Machakos. Ilikuwa ya majaribio ya mwaka mmoja, na nilikuwa kazini mwaka wangu wa mwisho. Watu walikuja, jamani watu walikuja, kutoka hadi kaunti za jirani ambazo hazikuwa ndani ya mpango. Wazee waliokuwa wamebeba hernia miaka kumi wakifunga na kitambaa. Kilichotuangusha ni dawa. Watu walikuwa wengi na madawa yakija hayatoshi, kwa hivyo mtu anaonwa bure kisha anapewa karatasi aende kununua kwa kemisti ng'ambo ya barabara. Kumwona mgonjwa bure kisha umtume kemisti ni nusu ya msaada, na hiyo nusu iliyobaki ndiyo inafilisi watu. Muda uliisha, pesa ya majaribio ikaisha, ada zikarudi. Nilijifunza kitu kimoja: ukisema unasaidia mtu na matibabu anza na stoo ya dawa kabla ya kadi na uzinduzi.

Sista, mtoto wangu ana seli mundu, ule ugonjwa wa damu wa sickle cell, ana miaka sita. Sitaki mjadala wa serikali, mimi nataka kujua nitafanya nini, dawa zake nikienda dispensari naambiwa hakuna, kemisti ni pesa, baba yake alituacha. Nalima shamba la watu. – Siaya

Mama, nimesoma barua yako mara tatu. Niwekee maneno haya vizuri.

Mtoto wa seli mundu huku kwetu ni wengi kuliko sehemu nyingi za nchi, kwa sababu ni damu ya watu wa mahali pa malaria, hukukosea kitu na hujalaaniwa, na yule baba alikuwa amebeba nusu yake kama wewe. Mtoto anahitaji foliki asidi kila siku, anahitaji kinga ya malaria na kulala ndani ya neti bila kukosa hata usiku mmoja, maji mengi, asipigwe na baridi, na daktari aangalie kama anafaa hydroxyurea, hii ndiyo inapunguza ile maumivu ya mifupa na kuongezwa damu kila mara. Akipata joto la mwili, akiwa mweupe viganja, tumbo likivimba ghafla upande wa kushoto, au akishindwa kupumua vizuri, usingoje asubuhi, hata kama huna shilingi.

Usitegemee dispensari kwa hizi dawa. Omba barua ya rufaa uende kliniki ya seli mundu kwenye hospitali ya kaunti, zina siku yake maalum kwa wiki, uliza ni siku gani kabla ya kutumia nauli. Huko akina mama wanajuana, wana kikundi, na dawa zikija wanaambiana. Pili, ongea na mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako na chifu, waambie unataka jina lako liwe kwa wale wanaolipiwa SHA na serikali, kwa sababu 2025 ilitangazwa kwamba watu milioni 2.2 wasiojiweza watalipiwa na wewe unalima shamba la wengine na mtoto mgonjwa, kama si wewe basi ni nani? Usiende mara moja ukakata tamaa. Nenda mara ya pili na ya tatu, na uende na mwenzako.

Na nisamehe, umesema hutaki mjadala wa serikali, lakini barua yako ndiyo sababu ya mimi kuandika haya yote. Wewe hukuomba harambee. Umelima, umemlea peke yako miaka sita mtoto ambaye wengi hupoteza kabla ya mitano, na unachoomba ni vidonge. Nchi ambayo haiwezi kukuletea hivyo vidonge Siaya haina haki ya kukuuliza choo chako ni cha aina gani.

Nimeongea na nesi mmoja niliyefundisha kazi ambaye bado yuko huko upande wenu na amekubali kukupokea. Nitakutumia namba yake kwa simu uliyoandikia, usiibadilishe. Beba kile kitabu cha kliniki cha mtoto hata kama kimechanika, na ukifika muulize kwanza kama dawa iko, kabla hajafungua faili. Kisha uniandikie alivyokujibu.